Ukumbi wa Mapokezi Uanze na Jua, Upepo na Maji

Hotuba kwa wabunifu wa ndani, wasanifu majengo na wenye majengo, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wasanifu na wabunifu wenzangu, wahandisi, wenye majengo mliotutengea asubuhi hii, mafundi, na ninyi wanafunzi mliojaza safu za nyuma: nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie ukumbi wa mapokezi wa ofisi unaobuniwa kwa kufuata asili. Maombi ya kazi za namna hii yanazidi kutufikia. Mwenye jengo anakuja na picha kwenye simu: ukuta uliofunikwa majani toka sakafuni hadi darini, maji yanayotiririka juu ya mawe meusi, dari ya mbao iliyopindapinda. Anasema, "Nataka hivi." Jengo lenyewe limeshafika ghorofa ya sita, vioo vimeshaagizwa, njia za mabomba zimeshazibwa kwa zege. Nasi, kwa kuwa kazi tunaihitaji, tunamjibu kwamba inawezekana.

Nimekuja kusema kwamba hapo tumeshachelewa. Asili haiingii ukumbini siku ya mwisho pamoja na makochi. Inaingia siku ya kwanza, mchoro ukiwa bado wa penseli, kwa maswali ya kawaida kabisa: jua linaingilia wapi, upepo unapita wapi, maji yanatoka wapi na yanaishia wapi, na nani atakayetunza. Asiyeyajibu hayo atabaki kununua mimea kila baada ya miezi michache, na mimea itaendelea kufa.

Mfano wangu mkubwa leo uko mbali na hapa, New York. Nimeuchagua kwa sababu huko jambo hili lilijaribiwa kwa fedha nyingi na vipaji vikubwa, na mafanikio yake na maumivu yake yote yanajulikana.

Mwaka 1967 taasisi ya Ford Foundation ilikamilisha makao yake makuu Manhattan, kati ya mtaa wa 42 na wa 43, hatua chache kutoka Umoja wa Mataifa. Wasanifu walikuwa Kevin Roche, mzaliwa wa Ireland, na mwenzake John Dinkeloo. Jengo lina ghorofa 12. Ofisi zimepangwa kwa umbo la herufi L, na nafasi inayobaki ni bustani moja kubwa, imefungwa kwa vioo upande wa barabara na kupanda mpaka juu kwenye paa la kioo. Anayeingia kutoka mitaani hapokewi na sakafu ya marumaru inayong'aa. Anapokewa na miti, vijia vya matofali, na bwawa dogo la maji katikati. Kiwanja kina mteremko, kwa kuwa mtaa wa 42 uko chini kuliko wa 43. Wasanifu hawakuuchimba wala kuufukia mteremko ule. Waliuingiza ndani ya jengo, bustani ikashuka kwa matuta jinsi ardhi ilivyokuwa ikishuka kabla hawajafika.

Naomba tukae kidogo hapo kwenye mteremko. Kila mmoja wetu humu ameshawahi kupokea kiwanja chenye bonde, au mti mkubwa, au mwamba, na jambo la kwanza lililofanyika ni kuleta greda. Wale walikuwa na fedha za kusawazisha Manhattan nzima kama wangetaka. Walichagua kuiacha ardhi iseme.

Roche hakuiweka bustani ile kwa ajili ya urembo. Alikuwa akifikiria watu wanaofanya kazi katika jengo moja kwa miaka na hawafahamiani, kila mmoja na chumba chake na lifti yake. Katika jengo lile, karibu kila ofisi inatazama bustani, na ng'ambo ya bustani anaonekana mwenzako mezani kwake. Bustani ndiyo iliyowakutanisha kwa macho. Tena milango ilifunguliwa kwa mpita njia asiye na shughuli yoyote ofisini: aingie, akae, apumzike. Ukumbi wa mapokezi wa taasisi binafsi ukawa bustani ya mtaa.

Sasa maumivu. Bustani ilibuniwa na Dan Kiley, mmoja wa wabunifu wa bustani walioheshimiwa kuliko wote Marekani katika karne iliyopita. Alipanda miti 37, vichaka karibu 1,000 na mimea ya kufunika ardhi zaidi ya 20,000. Miongoni mwa miti hiyo ilikuwamo magnolia na mingine iliyozoea nchi zenye majira ya baridi. Miti ya namna hiyo inahitaji msimu wa baridi ili ipumzike, nao ukumbi ule ulitunziwa joto la kumfaa binadamu mwaka mzima. Tena mwanga uliopenya katikati ya majengo marefu haukuitosha. Miaka ilivyokwenda, mimea mingi ya Kiley ilidhoofika na kufa, ikabadilishwa kidogokidogo kwa ile ya nchi za joto. Ukarabati mkubwa ulipokamilika mwaka 2018, chini ya kampuni ya Gensler, bustani ilipandwa upya na mbunifu wa bustani Raymond Jungles kwa mimea ya ukanda wa joto, iliyochaguliwa kufuatana na mwanga uliopo pale. Zikaongezwa njia za viti vya magurudumu, na sehemu yenye mimea ya kugusa na kunusa, pamoja na maandishi ya nukta nundu kwa wasioona. Katika ukarabati wote ule hilo la mwisho ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu lilitambua kwamba asili haipokewi kwa macho peke yake.

Ikiwa Kiley aliweza kushindwa na mwanga, basi hakuna aliye salama humu ndani. Kwa hiyo nianze na mwanga.

Mmea wa ofisini ukinyauka tunadhani una kiu. Mara nyingi una njaa ya mwanga. Anayeutunza akiona majani yanadondoka anaumwagia maji zaidi, mmea hauna nguvu ya kuyanywa, mizizi inaoza, na wiki mbili baadaye tunasema mmea ule ulikuwa dhaifu. Hebu tutazame namba. Jua la adhuhuri hapa Dar es Salaam, mbingu ikiwa nyeupe, linatoa mwanga wa laksi 100,000 hivi; laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Kivulini mwa mwembe nje, bado mwanga unahesabiwa kwa maelfu. Viwango vinavyotumika Ulaya kwa taa za kazi vinataka laksi 500 juu ya meza ya kusomea na kuandikia, 300 kwenye meza ya mapokezi, na 100 tu kwenye ukumbi wa kuingilia. Jicho letu linajirekebisha, kwa hiyo ukumbi wa laksi 100 tunauona wa kupendeza kabisa. Mti wa fikasi wa mita tatu unataka kama laksi 1,000 na kuendelea, kwa saa 10 mpaka 12 kila siku, ili ubaki na majani yake. Tunauweka kwenye laksi 100 na kuushangaa.

Nimeona ukumbi mmoja hapa mjini, wa taasisi ambayo sina haja ya kuitaja, wenye miti iliyoletwa kwa meli na kupangwa mita sita kutoka kwenye vioo vya bluu. Vioo vile vinapunguza mwanga kabla haujaingia, halafu umbali unapunguza uliobaki. Miti ilipukutika. Leo pana miti ya plastiki yenye vumbi, na yule mhudumu wa mapokezi, ambaye ndiye anayekaa pale kutwa, anaitazama siku nzima. Nilisikitika kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya miti.

Kipima mwanga ni kifaa kidogo na bei yake si ya kutisha. Nawasihi, simameni nacho kwenye eneo la ukumbi, asubuhi, mchana na jioni, kabla ya kuchora chungu hata kimoja. Kama jengo bado halijasimama, chora njia ya jua. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua letu la mchana linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, na nyakati zote linapita juu sana. Maana yake ni kwamba ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa kwa ukingo mfupi tu wa paa, lakini ukuta wa magharibi unapigwa na jua la alasiri likiwa chini, nao hakuna ukingo wa paa unaoweza kuufunika. Bado tunaendelea kuweka ukumbi wa vioo ghorofa mbili upande wa magharibi, kwa sababu tu barabara iko upande huo, kisha tunanunua viyoyozi vya kupigana na jua ambalo tumelialika wenyewe. Ukitaka miti ndani, lete mwanga wa juu kupitia uwazi uliokingwa, au madirisha marefu ya kaskazini na kusini yaliyo karibu na dari, halafu panda mti pale mwanga unapotua. Mti ufuate mwanga. Makochi yanaweza kwenda popote.

Jambo la pili ni uzito, na hapa nawaomba wahandisi mtusaidie kusema kwa sauti. Udongo uliolowa una uzito wa tani 1.6 hivi mpaka 2 kwa mita moja ya ujazo. Sakafu ya ofisi kwa kawaida hubuniwa kubeba kilo 250 hadi 300 kwa kila mita ya mraba. Mti unaohitaji udongo wa kina cha sentimita 60 unaiwekea sakafu ile karibu tani nzima kwa mita ya mraba, na bado hujahesabu mti wenyewe, mawe, wala watu watakaoketi ukingoni. Kumbi zetu nyingi ziko juu ya maegesho ya magari. Bustani iliyoamuliwa baada ya zege kumwagwa itaishia kuwa vyungu vyepesi, mizizi imebanwa.

Maji nayo. Mteja anapenda sauti ya maji, na anayo haki. Maji yanayosikika yanafunika kelele za barabarani na kumpa anayesubiri kitu cha kusikiliza. Lakini mji huu umepata milipuko ya homa ya dengi, ukiwamo wa mwaka 2014 na wa 2019, na mbu anayeieneza hapendi mabwawa makubwa ya matope. Anapenda maji safi yaliyotulia, hata yale ya kwenye sahani chini ya chungu, na ndani ya wiki moja hivi yai linaweza kuwa mbu anayeruka. Kwa hiyo maji ya ukumbini yatembee muda wote, yaani pampu iwe na umeme wa akiba. Kama hayawezi kutembea, msiweke bwawa. Na sahani za vyungu zimwagwe na kusuguliwa kila wiki, kazi hiyo iandikwe kwenye ratiba ya mtu mwenye jina.

Kuhusu kuta za mimea nitakuwa mfupi. Patrick Blanc, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa aliyezieneza, alianza kwa kuchunguza mimea ya misitu ya tropiki inayoota juu ya miamba na magogo bila udongo wa kutosha. Kuta zake zinaishi kwa sababu kila mmea ameuchagua yeye mwenyewe, na maji yenye virutubisho yanadondoka bila kukoma. Ukuta wa namna hiyo hauna udongo wa kuhifadhi unyevu. Maji yakikatika siku chache, umekwisha. Mwenye jengo asiye na tangi, pampu ya akiba na fundi wa kudumu nitamshauri asiujenge. Aupandishe mmea utambaao kutoka kwenye udongo halisi, kwenye waya, kando ya dirisha. Utachukua miaka miwili kufika juu, na kila anayefanya kazi pale atauona ukipanda.

Tena tuulize ni mmea gani. Hapa naomba mniruhusu niongee kwa hamasa, kwa kuwa jambo hili liko moyoni mwangu. Ule mmea wenye majani mazito yanayong'aa, unaokaa kwenye kumbi za ofisi kuanzia Amsterdam hadi Dubai kwa sababu unavumilia kivuli na ukame, Zamioculcas zamiifolia, ni wa kwetu. Unaota porini pwani ya Kenya na Tanzania na kuendelea kusini hadi Afrika Kusini, na chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji, ndiyo maana unavumilia. Lile ua dogo la zambarau linalopambwa madirishani kote Ulaya lilitoka Usambara: mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa utawala wa Wajerumani huko Tanga, alilipeleka kwao Ujerumani, likapewa jina la Saintpaulia. Dracaena inayouzwa kwa bei ya juu kwenye maduka ya maua ni ndugu wa masale, yanayoota kwenye mipaka ya vihamba vya Kilimanjaro na ambayo Mchaga huyapeleka kwa mwenzake kuomba msamaha.

Halafu ofisi iliyoko mwendo wa siku moja kutoka Usambara inaagiza maua ya plastiki kutoka ng'ambo.

Fikirieni ukumbi wa kampuni yenye watu wa kutoka kila mkoa, ambao anayeingia anakuta masale. Mzee kutoka Marangu atasimama. Hakuna marumaru ya kutoka nchi yoyote inayoweza kumsimamisha hivyo. Wauza miche walioko kando ya barabara zetu wana ujuzi mkubwa wa mimea hii, na wengi wao hawajawahi kuitwa kwenye kikao hata kimoja cha ujenzi.

Sasa tumzungumzie anayengoja, kwa maana ukumbi wa mapokezi ni wake yeye kabla ya kuwa wa mkurugenzi. Ni kijana aliyekuja kwenye usaili na bahasha mkononi. Ni mama mstaafu anayefuatilia faili lake. Ni dereva wa bodaboda aliyeleta mzigo na anaogopa kukaa. Tunawapa nini? Benchi la chuma katikati ya sakafu tupu, mgongo kuelekea mlangoni, uso kuelekea kwa mlinzi.

Mwanajiografia Mwingereza Jay Appleton alieleza mwaka 1975 kwamba binadamu hutulia mahali ambapo anaweza kuona mbali huku yeye mwenyewe akiwa amesitirika. Watu wa pwani walilijenga jambo hilo kwa mawe karne nyingi kabla. Ni baraza. Umeegemea ukuta, paa liko juu yako, njia iko mbele yako, na upepo unapita.

Tuiangalie nyumba ya kale ya mawe ya Lamu, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mgeni hakuvamia ndani. Alifika kwanza kwenye daka, kibanda cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, akapiga hodi na kuketi kivulini. Akikaribishwa alipita mlango wa kuchonga, akaingia tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia ndani, na njia ilipinda kabla ya kumfikisha kwenye kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Nuru na hewa ya vyumba ilitoka hapo kiwandani. Mgeni alitoka kwenye jua kali, akaingia kwenye kivuli, akaiona tena nuru, safari hii ikiwa imetulizwa. Macho yalipewa muda. Mwili ulipoa hatua kwa hatua. Tunapomtoa mtu kwenye joto la nyuzi 33 barabarani na kumtumbukiza mara moja kwenye ukumbi wa nyuzi 18, tumeisahau daka.

Na kuna jambo moja zaidi katika nyumba zile ambalo huwa nawaonyesha wanafunzi. Vyumba vyake ni vyembamba na virefu. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti zile hazina urefu wa kuvuka zaidi ya kama mita tatu, kwa hiyo mkoko ndio uliokipima chumba. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zinazochelewa kupata joto. Mapambo yalikuja baadaye, yale majani na mizabibu iliyochongwa kwenye lipu na milangoni, na zile safu za zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Huo ndio mpangilio ninaoutetea leo. Nyumba kwanza ilitii bahari, msitu na jua, kisha ikapambwa.

Simwambii mtu ajenge Lamu katikati ya Dar es Salaam. Wala tusikate mikoko, inalinda fukwe zetu na mazalia ya samaki. Mninga na mvule nao tuwaonee huruma. Tunao mtiki wa kupandwa, wa mashamba ya Longuza na Mtibwa. Tunazo mbao za minazi mizee isiyozaa tena, ngumu kwa nje na zenye madoa mazuri, ambazo mafundi wa pwani wanazifahamu. Tengenezeni baraza ndefu lililoshikamana na ukuta, kiti cha mbao, mgongo wa mbao, likitazama bustani na mlango kwa pamoja, na upana wa kutosha mtu aweke bahasha yake pembeni. Kabla ya mlango wa kioo, acheni nafasi ya kivuli yenye upepo. Sakafu isiteleze kwa mwenye viatu vilivyolowa mvua ya masika.

Sauti pia ni asili. Ukumbi wa vioo na marumaru unarudisha kila neno, na mama yule mstaafu analazimika kulitaja tatizo lake mbele ya watu wote. Ukili uliosukwa ukatandazwa ukutani juu ya tabaka la usumba, dari yenye mbao zilizoachiana nafasi, hata zulia moja nene mahali pa kungojea, vinapunguza mwangwi. Wasukaji wa ukindu wapo. Tuwape vipimo na tuwalipe kama mafundi, si kama wauza zawadi za watalii.

Kuhusu maumbo nitakayosema ni machache. Wapo wanaodhani ubunifu wa kufuata asili ni kuiga sura ya jani. Msanifu Mmarekani Frank Lloyd Wright, katika ofisi za Johnson Wax huko Racine, Wisconsin, zilizokamilika mwaka 1939, aliweka nguzo nyembamba chini, kipenyo cha sentimita 23 tu, zinazopanuka juu hadi mita tano na nusu hivi, na nuru inapenya kati ya vichwa vyake. Wakaguzi hawakuamini. Walitaka nguzo ibebe tani 12. Kwenye jaribio ilibeba 60. Zinapendeza kwa sababu zinafanya kazi. Na pale Harare, jengo la Eastgate la msanifu Mick Pearce, lililofunguliwa mwaka 1996, lilichukua wazo lake kwenye kichuguu: hewa baridi ya usiku inalipoza zege zito, mchana zege linarudisha ule ubaridi, na hewa ya moto inatokea juu kwenye mabomba ya moshi. Watafiti baadaye walionyesha kwamba vichuguu havipumui hasa kwa namna wasanifu walivyodhani. Jengo linaendelea kupoa vilevile, kwa sababu Pearce alizielewa hewa na joto la Harare.

Neno kwa wenzangu mnaoandika maombi ya kazi: tusiwadanganye wateja kuhusu afya. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliokuwa na dirisha linalotazama miti walitoka mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache, kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Ni utafiti mzuri, na unahusu kutazama miti. Lakini ile habari kwamba vyungu vichache husafisha hewa ya ofisi inatokana na majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ya mwaka 1989 yaliyofanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kufikia kazi ya uingizaji hewa wa kawaida wa jengo ungehitaji mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba. Hewa safi inatoka kwenye dirisha linalofunguka. Lichoreni.

Namalizia na mtunzaji. Kwenye majengo yetu mengi, kazi ya kumwagilia hupewa anayefagia, bila mafunzo, bila nyongeza ya mshahara, na bomba lililo karibu liko chooni ghorofa ya pili. Anabeba ndoo. Mimea ikifa analaumiwa yeye. Hili linaniuma, maana kosa lilichorwa mezani petu. Mchoro wa ukumbi wenye bustani uonyeshe bomba, mtaro wa kutolea maji, na kabati la vifaa. Orodha ya gharama iwe na mstari wa utunzaji wa angalau miaka miwili, na mteja akitaka kupunguza bei, mstari huo usiguswe, apunguze marumaru.

Na ninyi wenye majengo mlio na michoro mezani mwezi huu, ombi langu ni dogo. Kikao kijacho cha mhandisi na msanifu, mwiteni na mtunza bustani. Aketi mezani, aonyeshwe ramani ya jua, aulizwe bomba likae wapi na mti upi utaishi pale, na jibu lake liingie kwenye mchoro siku hiyohiyo.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Naona mikono imeshaanza kunyooshwa kule nyuma. Tuanze na wanafunzi.